Uso Mwekundu Kaunta ya Lizaboni

Jumatatu, 1 Desemba

Waliniambia Songea kuna baridi. Hawakuniambia kuna Wangoni.

Nimeanza kazi leo. Kheri Dawa ina maduka ya dawa Songea mjini, Mbinga, Namtumbo na Tunduru, na hili la Lizaboni ndilo dogo kuliko yote: kaunta moja, benchi moja la wateja, rafu za kutosha, mimi na Notburga. Notburga ni Mmatengo wa Mbinga, mama wa makamo, kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. Yupo hapa tangu duka likiwa la mtu binafsi, kabla Kheri hawajalinunua.

Mvua imeanza asubuhi na haijakata. Katikati yake akaingia mzee mrefu mwenye kofia ya pama, maji yanamchuruzika. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Akasogeza uso mpaka kwenye beji yangu kifuani, akasoma kwa sauti.

"Edna Kikoti. Kikoti!" Akaligeukia benchi. "Jamani, wametuletea Mhehe! Tumekwisha. Mwiteni padri."

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi nikajikaza. "Nikusaidie nini, mzee?"

"Naomba dawa ya kikohozi. Lakini kwanza niambie, mbwa wangu nimfungie ndani? Maana Mhehe akishahamia mtaani, mbwa wanaanza kupungua."

Nilimpa dawa, nikamweleza namna ya kuinywa. Alipotoka Notburga akaniambia huyo ni mzee Emiliani, seremala mstaafu, jirani yetu hapo nyuma, na kwamba Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu zao.

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Mimi simo, dada," akasema huku anajifuta machozi ya kucheka. "Mimi Mmatengo."

Mimi mwenyewe Kihehe sijui hata salamu. Nimezaliwa Tanga, baba alikuwa mtu wa reli. Utani wa makabila nausikia, nilidhani ni maneno mawili matatu ya harusini basi.

Alhamisi, 4 Desemba

Mzee Emiliani kachukua mwavuli wangu mlangoni, mchana kweupe, akaondoka nao. Watu wanatazama, hakuna aliyesema kitu. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa. Huu nao ni utani? Kwetu Tanga tunaita wizi.

Ijumaa, 5 Desemba

Mwavuli umerudi. Pale ulipokuwa umechanika pameshonwa, tena vizuri. Nimeukunjua na kuukunja, sielewi.

Jumanne, 9 Desemba

Kaja bosi Urban, msimamizi wa matawi. Kijana nadhifu, viatu havijui matope, kwao Bukoba. Kaleta kimashine cheupe, kakifunga kaunta karibu na mlango. Kina nyuso tatu za kubonyeza: ya kijani inacheka, ya njano imenyamaza, nyekundu imenuna. Mteja akimaliza kuhudumiwa anabonyeza anavyojisikia, na taarifa inakwenda yenyewe makao makuu.

"Lizaboni mnauza kidogo," Urban akatuambia. "Wakubwa wanatafuta tawi la kufunga. Wataangalia mauzo, na wataangalia hizi nyuso mpaka mwisho wa Machi. Mkiwa kijani nitakuwa na la kuwatetea. Mkiwa nyekundu, tawi linafungwa na ninyi mnarudi makwenu."

Notburga akauliza, "Na wateja je?"

"Watakwenda mjini."

Rahisi kusema, kwa mtu mwenye gari. Wengi wa hawa wanakuja kwa miguu, na wengine wanakuja wakiwa na homa.

Nikasema moyoni, hili si tatizo. Kazi yangu naijua, lugha yangu nzuri, kijani tutapata.

Jumatano, 10 Desemba

Lahaula! Nyekundu tupu.

Mzee Emiliani alifika akiwa wa kwanza. Akaeleweshwa mashine na Notburga, akavaa miwani, akaichunguza. "Kwa hiyo nikibonyeza hapa, mabwana wakubwa wanajua habari za huyu Mhehe?" Akabonyeza iliyonuna kwa kidole gumba, taratibu, kama anatia saini benki. Kisha akasimama mlangoni anawahubiria waliofuata: "Nyekundu, jamani, nyekundu! Tumwonyeshe Mhehe!" Na wao, mama watu wazima, wasichana wa shule, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, kila mmoja anapokea dawa, ananiambia asante sana dada, anabonyeza nyekundu na kuondoka anacheka.

Asante, halafu nyekundu.

Jumamosi, 13 Desemba

Nyekundu. Mvua.

Jumatano, 17 Desemba

Leo nimejaribu kuwapanga kichwani: nani anatania na nani amechukia kweli? Yule dada niliyekataa kumuuzia antibaotiki vidonge viwili tu kwa sababu hana cheti cha daktari, alibonyeza nyekundu bila kucheka. Huyo nadhani ni kweli. Lakini kesho yake kaniletea embe. Nimeacha kupanga.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimekula wali peke yangu. Mlangoni nimekuta bakuli la nyama ya kuku limefunikwa na karatasi imeandikwa: "Si mbwa. Samahani."

Jumatatu, 12 Januari

Homa, homa, homa. Mvua imejaza madimbwi na mbu wameamka. Tunapima malaria tangu tunafungua mpaka tunafunga. Sina nguvu ya kuandika, na sina nguvu ya kumchukia mtu.

Jumatano, 28 Januari

Leo lazima niandike yote, la sivyo sitalala.

Mchana kaja mama Mektilda, mke wa mzee Emiliani. Huyu mama ni mpole kabisa, hana maneno. Akaketi kwenye benchi, akashika kichwa, akaomba vidonge vya maumivu. Nikamtazama usoni sikupapenda. Nikamwambia, "Mama, hebu nikupime presha kwanza." Akasema hapana mwanangu, nipe tu vidonge nikalale, mzee yuko shambani Namtumbo. Nikamfunga mkanda hivyo hivyo. Kipimo kiliponipa jibu nikadhani kimeharibika. Nikapima mkono mwingine. Kibaya vilevile.

"Mama, dawa zako za presha unakunywa?"

"Nakunywa kichwa kikiuma."

Mungu wangu. Vidonge vya kila siku, yeye anakunywa kichwa kikiuma! Na nusu ya mtaa huu nadhani wanakunywa hivyo hivyo.

Nikamwambia siwezi kumuuzia dawa ya maumivu, anakwenda hospitali sasa hivi. Akakataa. Akasema mzee atagomba, akasema ana nguo kwenye kamba, akasema mvua. Notburga akatoka nje kusimamisha bajaji, mimi nikamshika mama mkono nikamwingiza kwa nguvu, analia, na watu wanatazama. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Mhehe anamteka bibi wa watu!" Sijui kama alitania. Nikaketi naye kwenye bajaji nimemkumbatia, na tulipokuwa njiani maneno yake yakaanza kulegea, mdomo umeenda upande. Nikampigia kelele dereva. Nilipoulizwa mapokezi mimi ni nani wake nikasema mtoto wake, kwa sababu sikuwa na jibu jingine.

Wamemlaza. Daktari amesema tumewahi.

Jioni mzee Emiliani akafika hospitali, matope mpaka magotini. Akanikuta kwenye korido. Nikasimama. Nilitaka kumweleza, nilitaka hata kulia kidogo. Akanitazama, akasema, "Mhehe. Nimekuacha na mke wangu siku moja tu, umetaka kumuua?"

Akapita, akaingia wodini.

Hakucheka. Naandika tena ili nijiamini: hakucheka. Sasa alitania? Au mtu wa mtaani amempelekea habari kwamba nilimburuta mkewe mpaka akapooza mdomo? Nimemuuliza Notburga kwa simu. Kasema, "Hapo hata mimi sijui, dada." Notburga hajui! Notburga ambaye anajua kila kitu cha Lizaboni!

Jumamosi, 31 Januari

Mama Mektilda anaendelea vizuri, mdomo umerudi. Mzee hajaonekana dukani. Mwavuli wangu uko salama mlangoni, na jambo hilo linanikosesha raha.

Jumapili, 1 Februari

Makubwa!

Baada ya misa, nikiwa na zamu, nikawaona wanakuja. Mzee Emiliani mbele, nyuma yake wanawe, wakwe, wajukuu, na jumuiya yao nzima ya sala, kina mama na khanga zao za sare. Nikafikiri wamekuja kunifanyia fujo. Nikamwambia Notburga afunge droo.

Mzee akasimama mbele ya mashine, akabonyeza nyekundu. Akabonyeza tena. Akampisha mwanawe wa kwanza, naye akabonyeza, akampisha mkewe. Foleni nzima ikapita hivyo, mpaka kitoto kikainuliwa kibonyeze kwa ngumi. Mashine ikalia mlio ambao sijawahi kuusikia. Mwishoni kina mama wakapiga vigelegele, wakaondoka.

Nikakaa chini. Nikamwambia Notburga, "Wananichukia kiasi hiki?"

Notburga alikuwa analia. Nilidhani anacheka, kumbe analia. "Dada, wamekuja kukushukuru," akasema.

Nimeelewa maneno yake. Lakini nimekaa mpaka sasa najiuliza, ni watu gani wanaoshukuru kwa kununa?

Alhamisi, 12 Februari

Urban karudi. Kaweka kompyuta yake kwenye kaunta, katuonyesha mchoro: mistari myekundu kila wiki, na tarehe moja Februari imepanda mpaka juu kama minara ya simu.

"Siku hii mlifanya nini? Mlimuua mtu?"

"Tulimwokoa mtu, bosi."

Nikamweleza yote, utani, mwavuli, mama Mektilda, foleni. Alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Hata alitabasamu. Kisha akasema, "Edna, mimi nakuamini. Mashine haijui utani, na wakubwa wanaiamini mashine. Tawi hili liko namba moja kwa kuchukiwa kusini nzima. Una mwezi na nusu. Waambie wabonyeze kijani."

Waambie! Kama ni watu wa kuambiwa.

Ijumaa, 13 Februari

Nimemwambia mzee Emiliani, kwa heshima zote, kwamba tafadhali abonyeze ile inayocheka.

Aliniangalia kama nimemwomba avue suruali. "Kijani? Nikubonyezee kijani, wewe? Kijani ni ya wageni, Mhehe. Mgeni ndiye tunamwambia karibu sana, asante sana, chakula kitamu. Hujasikia? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe tulikupa siku ya kwanza, leo unataka tukunyang'anye?"

Akabonyeza nyekundu, akachukua kalamu yangu, akaenda zake.

Jumanne, 24 Februari

Mvua ya mawe. Bati la stoo limevuja, maboksi ya drip tumeyahamisha. Nyekundu.

Alhamisi, 5 Machi

Usiku nawaza. Tawi likifungwa, mimi nitapata kazi kwingine, ninayo elimu yangu. Lakini mama Mektilda atapimwa na nani? Nimeanza kumwita kila Jumatano, anameza kidonge mbele yangu na kunionyesha ulimi. Nimewapata na wengine waliokuwa wanakunywa kichwa kikiuma, wanakuja nao. Hao ndio watafungiwa mlango, na wao wenyewe ndio wanaoufunga, kwa kidole, huku wanacheka.

Jumatatu, 16 Machi

Leo nimelipuka, na nimejuta.

Urban alipiga simu asubuhi: wakubwa wameshaanza kutafuta pa kupeleka rafu zetu. Nikakata simu, na hapo hapo mzee Emiliani akaingia. "Mhehe, mbona umenuna kama mashine yako? Umekosa kitoweo?" Benchi likacheka.

Nikapiga kaunta kwa kiganja. "Mzee, basi! Nimechoka! Tangu Desemba unanitukana, nimevumilia. Hii si michezo! Wanafunga duka, unasikia? Wanafunga kwa sababu ya vidole vyenu. Mkeo atakufa kwa sababu ya utani wako!"

Hata mtoto aliyekuwa analia kwa homa alinyamaza.

Mzee alivua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia. Kichwa kina mvi kidogo tu pembeni. Alisimama, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Kisha akasema polepole, "Nimesikia." Akatoka.

Notburga hakunisemesha mpaka tulipofunga.

Jumanne, 17 Machi

Wamekuja. Foleni kama ile ya Februari, lakini hakuna vigelegele. Mzee Emiliani alikuwa wa kwanza, kavaa koti la kanisani. Akasimama mbele yangu mikono nyuma.

"Habari za asubuhi, daktari."

Nikasema nzuri, shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, mama." Hajawahi kuitikia shikamoo yangu hata siku moja.

"Tunashukuru kwa huduma nzuri unayotupatia," akasema. Akabonyeza kijani. "Mungu akubariki sana."

Na wote waliomfuata hivyo hivyo. Asante daktari. Ubarikiwe daktari. Kijani, kijani, kijani. Fundi cherehani, kina mama wa jumuiya, yule dada wa antibaotiki. Kila mlio wa mashine ulinigonga mahali fulani hapa kifuani. Nilitaka hili. Nililia kwa ajili ya hili. Sasa kwa nini nimejisikia kama mtu aliyefukuzwa nyumbani?

Ijumaa, 20 Machi

Kijani. Hakuna anayekaa kwenye benchi. Wanachukua dawa, wanashukuru, wanaondoka.

Jumatano, 25 Machi

Kijani. Mwavuli nimeuegemeza nje ya mlango kabisa, makusudi. Hakuna aliyeugusa.

Jumanne, 31 Machi

Urban kapiga simu anashangilia. Tawi linabaki. Wakubwa wamevutiwa na "mabadiliko", wanataka niende Mbinga nikafundishe wenzangu namna ya kuhudumia wateja. Notburga kacheka mpaka kaketi sakafuni, kicheko cha kwanza kwa wiki mbili.

Nimefurahi. Nasema kweli nimefurahi, duka lipo. Lakini furaha yenyewe haina mtu wa kuila naye.

Jumatano, 1 Aprili

Mama Mektilda kaja kumeza kidonge chake. Kaonyesha ulimi. Presha nzuri. Nikamuuliza, "Mama, mzee bado amenikasirikia?"

"Akukasirikie kwa nini?"

"Haniiti tena Mhehe."

Akakunja khanga yake, akafikiri. Huyu mama haongei, kwa hiyo akiongea unasogea karibu. "Mwanangu, msimu mzima umerudisha neno gani? Anakutania, unampa dawa. Anachukua mwavuli, unalowa. Mtu gani anacheza bao peke yake? Halafu siku uliyosema, ukasema umeumia. Mzee hajala vizuri tangu siku hiyo. Anasema, Mektilda, kumbe nilikuwa namtukana mtoto wa watu."

Miezi yote hii najiuliza wao wananionaje, wananipenda au wananichukia. Sikuwahi kujiuliza yule mzee, kila akitoka hapa na nyekundu yake, alikuwa anangoja nini kutoka kwangu.

Jumamosi, 4 Aprili

Kesho Pasaka. Mvua imekata, jua la jioni limetoka, matope yanatoa mvuke. Nimefunga duka, nikaenda nyuma, nyumbani kwa mzee Emiliani. Njia nzima nafanya mazoezi ya matusi, mimi niliyelelewa na masista.

Uani walikuwa wote: mama Mektilda kwenye mkeka anachambua mchele, wakwe, wajukuu, na mzee kwenye kiti chake cha mninga. Katikati ya ua jogoo mkubwa mwekundu, amefungwa mguu kwenye kigingi. Jogoo wa Pasaka.

"Karibu, daktari," mzee akasema, akainuka kunipisha kiti.

Sikuketi. Nilikwenda moja kwa moja kwa jogoo, nikakata uzi, nikamkumbatia. Akapiga mabawa, akanichafua gauni. Moyo unanidunda kama nimeiba kweli, maana nilikuwa naiba kweli.

"Huyu nachukua," nikasema, sauti imenipanda juu. "Wangoni na jogoo wapi na wapi? Ninyi Pasaka si mnachoma panya?"

Mkwe mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Mzee Emiliani amesimama, hacheki, hasemi, ananitazama tu. Nikajua nimeharibu. Nikajua kuna kanuni sijaijua, siku haikuwa yenyewe, au mwanamke hasemi hivyo, au neno lenyewe nimelikosea. Jogoo ananichakura mkono. Mzee akageuka, akaingia ndani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawa natafuta mahali pa kumweka jogoo chini.

Akatoka. Mkononi ana kamba. Akaja mpaka mbele yangu, akainama kwa shida na magoti yake mabovu, akaanza kumfunga jogoo miguu, mafundo ya kiseremala, huku anatikisa kichwa.

"Utambebaje bila kamba, Mhehe? Atakutoroka hapo barabarani, utuaibishe. Ninyi hata kuiba hamjui." Sauti yake ilikuwa imekatika katikati, akakohoa kuificha. "Kidole changu kitaendelea kubonyeza kijani, kwa ajili ya mashine. Lakini mdomo ni wangu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Kesho mchana umrudishe. Akiwa kwenye sufuria, ameiva, na wali wake. Na nitamhesabu miguu, nione kama ni miwili."

Hapo ndipo ua ulipolipuka. Mama Mektilda alimwaga mchele. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi na machozi, jogoo kwapani, na mzee akanifukuza mpaka barabarani anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi! Mhehe ameniibia!" Majirani wakatoka kuangalia.

Sasa hivi jogoo yuko jikoni kwangu, ananiangalia. Sijawahi kuchinja kuku maishani mwangu. Nimempigia simu Notburga aje asubuhi anisaidie, kasema yeye hayumo.